Pikapu Kwanza, Kura Baadaye

Mlango wa stoo ulifunguka, na kama wengi wenu mlivyoogopa wiki nzima, aliyeufungua ni Hoyt Stancil mwenyewe.

Ozella Pruitt alikuwa amejibanza katikati ya maboksi ya sahani za karatasi na lile pipa la bati la kuchezeshea bahati nasibu, paja la kuku mkononi. Punde tu kabla ya hapo alikuwa amemsikia Hoyt, mwenyekiti wa ushirika wa umeme, akimnong'oneza mwanasheria wake maneno manne: pikapu kwanza, kura baadaye. Sasa mwenye maneno amesimama mlangoni, ameziba mwanga wote.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Alikuwa na kikombe chake cha karatasi, kile anachotembea nacho kila mahali, hata kanisani, cha kutemea mate ya ugoro. Akatema humo taratibu. Uzi wa mate ukabaki unaning'inia mdomoni, ukakatika. Akajifuta kwa kiganja. Kiganja hichohicho akakiweka begani kwa Ozella.

"Kula, Ozella. Kuku ni wa wanachama wote."

Wanawake wa Kizungu anawaita Bibi Fulani, hata wale anaowadharau. Ozella, kwa kuwa ni Mweusi, ni Ozella tu, na ana miaka hamsini na kitu, na mjukuu.

"Nilikuwa natafuta chumvi, Bwana Stancil."

"Chumvi iko mezani." Akalitazama pipa, akamtazama yeye, akatabasamu, na katikati ya meno kulikuwa na vipande vyeusi. "Leo kaa viti vya mbele. Kuna kitu kinaniambia leo ni siku yako."

Akampisha. Ozella alipopita aliligonga pipa kwa nyonga, nalo likagoma kusogea. Zito. Limejaa makaratasi mpaka juu, na huko nje watu ndiyo kwanza wako foleni wanaandikisha majina ya kutiwa humo. Wazo hilo lilimpitia kichwani likatoka, maana akili yake yote ilikuwa begani, pale palipolowa. Ninyi shikeni hilo la pipa. Mtalihitaji.

Mama yake alikuwa amekaa hatua chache kutoka mlango wa stoo, mahali pekee ambapo feni ilikuwa inafika. Bi Clotee, mwembamba kama hanga ya nguo, kofia ya kanisani kichwani, mirija miwili puani, na chini ya kiti mtungi mdogo wa oksijeni unaolia ts, ts, ts.

"Unanuka ugoro," mama akamwambia.

Ozella akamweleza yote kwa haraka, akijipangusa bega kwa karatasi ya mezani. Bi Clotee alisikiliza, kisha akagusa mtungi kwa mguu. Akasema huu ni mtungi wa mkutano mfupi, na mwenyekiti akianza kuvuta mambo, hautafika mbali. Ozella akamtuliza. Mwingine upo kwenye gari la Wendell, rafiki aliyewapa lifti, kule mwisho wa uwanja wa magari, ataukimbilia ukihitajika.

"Usitoketoke," mama akasema. "Uje upige kura kwanza."

Kwa aliyeanza kusoma leo, nimfikishe hapa chapchap.

Ozella na mama yake wanaishi kwenye trela la kupanga, nyumba ya bati isiyo na msingi, chini ya misonobari ya mwenye ardhi. Jua haligusi paa lile asubuhi wala jioni, na mwenye misonobari hataki likatwe hata tawi. Bi Clotee akiwa nyumbani anapumulia mashine kubwa inayokula umeme usiku na mchana, na joto la kusini mwa Georgia likishaingia, kiyoyozi nacho kinakula. Umeme ukiwashinda, njia imebaki moja: nyumba ya wazee ya kule mjini, kitanda kimebanana na kitanda, harufu ya mkojo juu ya dawa ya sakafu. Ozella alikwenda kuiangalia mara moja. Wakati wa kurudi alisimamisha lifti aliyopewa, akatapika kando ya barabara.

Halafu ushirika ukajenga shamba la sola.

Ushirika, siyo kampuni. Kila mwenye mita ni mwanachama na kila mwanachama ni mwenye mali. Paneli zikapangwa kwenye malisho ya zamani nje ya mji, jua linazipiga kutwa. Wazo lenyewe hata mtoto analielewa. Huna paa? Umepanga? Miti imekufunika? Chukua paneli yako kule shambani. Umeme inaozalisha kule, bili yako inapunguzwa huku. Ni kama paa lako, ila lipo kwa jirani.

Zuri, si ndiyo? Bodi ikapitisha kimyakimya kwamba wenye hati za ardhi watangulie. Wenye hati wakaanza kujipakulia. Hoyt, mwenye mabanda ya kuku marefu kama behewa, akajiwekea mistari mizima ya paneli. Shemeji yake mstari. Mchungaji wake mstari. Watu wa kwenye matrela, waliokatwa hela ileile kwenye bili zilezile kujenga shamba lilelile, walipouliza waliambiwa wangoje yatakayobaki. Mnajua sauti ya mtu anayekwambia ungoje yatakayobaki, huku anapiga mbweu? Ndiyo hiyo.

Hoja ya Ozella ilikuwa sentensi moja: kila mwenye mita apate paneli moja kabla mtu yeyote hajapata ya pili. Ikipita, mama anabaki kwenye kitanda chake. Isipopita, mmeshaisikia ile harufu.

Sasa tuje kwenye pikapu.

Mkutano mkuu wa mwaka unafanyika kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule, na hakuna anayekuja kwa ajili ya hotuba. Watu wanakuja kula kuku wa bure. Wanakuja kupimwa presha na wale manesi wa mlangoni, na kuchukua ile ndoo wanayopewa wote, yenye balbu na kifaa cha kupigia nzi ndani yake. Na wanakuja kwa ajili ya pikapu. Kila mwaka ushirika unatoa gari moja kuukuu la mafundi wa nguzo za umeme, linaoshwa, linapakwa nta, linafungwa utepe mwekundu, linaegeshwa mlangoni ili kila mtu aingie analiona. Sharti moja tu: usipokuwepo ndani jina lako likitajwa, hupati. Ndiyo maana miaka yote pikapu hutolewa mwisho kabisa. Watu wanavumilia ripoti, wanavumilia sala tatu, wanavumilia mwanasheria, kwa sababu ya gari.

Na jina likishatajwa, ukumbi unamwagika kama umepigiwa kelele za moto.

Mnaona sasa uchafu wa maneno manne? Kura haihesabiki bila idadi fulani ya watu ndani ya ukumbi, wenyewe wanaiita akidi. Toa pikapu kwanza, watu wabebe ndoo zao waende, akidi ife, hoja ya Ozella ife nayo mpaka mwaka kesho. Hakuna aliyemzuia mtu kupiga kura. Wenyewe wameondoka. Mikono ya mwenyekiti misafi, ukiacha mate.

Ozella alimtafuta Wendell Ott, akamkuta kwenye meza ya keki. Wendell ni Mzungu mfuga kondoo, na kondoo wake ndio wanaokula majani chini ya zile paneli ili zisifunikwe, basi harufu yao anakuja nayo kila aendako. Naye amepanga, naye hana hati. Alipoelezwa alitafuna, akameza, akauliza kama aende akalete kondoo wake wazibe mlango.

"Nasema kweli, Wendell."

"Na mimi nasema kweli. Wana akili kuliko bodi."

Kabla hajamjibu, maiki ilikoroma. Hoyt yuko jukwaani, kikombe kwenye meza ya mbele. Kwa sauti ya huruma akasema joto ni kali, wazee wamechoka, kwa hiyo mwaka huu bodi, kwa upendo wake, imeamua pikapu itolewe mwanzo, kila mtu awahi nyumbani.

Watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo Ozella alipotaka kutapika mara ya pili katika hadithi hii. Hakumshangaa Hoyt, huyo anamjua. Waliomchefua walikuwa majirani zake wa kwenye matrela, watu walioweka saini zao kwenye hoja yake, wanapiga makofi huku wanaibiwa, na mafuta ya kuku yanang'aa vidoleni. Alisimama, akaomba kusema jambo kuhusu utaratibu. Hoyt akamwambia akae, watoto wanataka keki. Watu wakacheka. Aliposema tena, maiki ya upande wa wanachama ikawa imezimwa, na sauti yake ikaishia safu ya tatu.

Pipa likaletwa kutoka stoo, watu wawili wa bodi wanalibeba wanahema.

Kwa desturi jina linachomolewa na mwanachama mkongwe kuliko wote, naye ni Mzee Lucious Beal, ambaye anajisifu kwamba alianza kuona taa ya umeme akiwa tayari ana ndevu. Hasikii vizuri na hajali. Alizungusha mkono wa pipa, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kama mtu anayezalisha ng'ombe, akatoa karatasi, akaisogeza puani.

"Ozella Pruitt."

Makofi machache, kisha mnong'ono. Ozella aliusikia vizuri sana, ulitoka kwa mama mmoja wa kwao kabisa, safu ya nyuma: kumbe naye wameshamnunua.

Leo ni siku yako. Bega lake likakumbuka.

Lakini tusimseme uongo Ozella. Kwa muda mfupi aliliona gari tu. Kila safari ya kliniki anaomba lifti. Anasimama barabarani na mama yake kwenye kiti cha magurudumu, malori ya kuku yanapita na kuwamwagia manyoya, ananyenyekea kwa watu ambao zamani aliwasuka nywele bure. Gari lile hapo mlangoni, la rangi nyeupe, ni lake. Hakuna wa kumnyang'anya. Akikaa kimya tu, amelipata.

Nyuma yake viti vikaanza kugongana. Watu wananyanyuka. Ndoo zinaokotwa. Mwanasheria, kule pembeni, anahesabu vichwa vinavyoelekea mlangoni na anajikuna kidevu kwa raha.

Hoyt akaning'iniza funguo. "Njoo, Ozella. Usione aibu."

Akaenda. Akapokea funguo, na zilikuwa na unyevunyevu. Halafu akafanya kitu ambacho Hoyt mwenyewe alikisahau, kwa jinsi kilivyozoeleka, hakuna mwaka ambao hakifanyiki: mshindi wa pikapu hupewa maiki amshukuru Mungu. Ni desturi. Hata Hoyt hawezi kumnyima mtu Mungu wake mbele ya ukumbi mzima wa watu wa kanisa. Akanyoosha mkono. Hoyt akasita. Mzee Lucious, ambaye hakusikia lolote lakini desturi anaijua, akaichukua maiki kutoka kwa mwenyekiti na kumpa.

"Namshukuru Mungu," Ozella akasema. "Bwana Stancil, hili gari ni langu sasa?"

"Ni lako, Ozella."

"Hakuna wa kunipangia?"

"Hakuna." Hoyt bado anatabasamu.

"Basi nalirudisha."

Waliofika mlangoni wakageuka.

"Nalirudisha kwenye pipa," Ozella akaendelea. "Mzee Lucious atachomoa jina lingine. Sharti langu moja. Atachomoa baada ya kura ya paneli, na sharti la zamani liko palepale. Usipokuwepo ndani, hupati."

Nawaambia, watu hawajawahi kurudi kwenye viti vyao kwa kasi ile. Jamaa mmoja aliyekwishafika kwenye ngazi za nje alirudi mbio mpaka balbu ikaruka kutoka kwenye ndoo yake ikapasukia mlangoni. Akairuka, akaenda kukaa.

Hoyt akakunja sura. Akasema sheria hairuhusu. Mama mmoja akauliza sheria ipi, isomwe. Mwanasheria akaanza kufungua begi, akafunga, akafungua tena. Hoyt akabadilisha: akasema sawa, sawa, lakini pipa lirudishwe stoo, likatunzwe huko mpaka wakati wake. Akawaita wale wawili wa bodi walibebe, haraka. Ilikuwa haraka mno. Mtu aliyekuwa mtulivu mchana kutwa, sasa jasho limemtoka juu ya mdomo, kwa sababu ya pipa la bati.

Wendell Ott alitembea mpaka mbele, na keki yake, akakaa juu ya pipa.

"Ondoka hapo, Wendell," Hoyt akamwambia.

"Miguu inaniuma."

"Nimesema ondoka."

"Na mimi nimesema miguu inaniuma. Ita nesi."

Ukumbi ukacheka, na safari hii haukumcheka Ozella. Wendell akabaki pale, anatafuna, anadondosha makombo, na hakuna aliyeligusa pipa tena. Hilo nalo likumbukeni.

Ozella akarudi kwa mama yake. Bi Clotee alikuwa amefumba macho. Mtungi chini ya kiti bado unalia, lakini ile sauti ilikuwa imekonda. Ozella akainama kutazama mshale wa kipimo, akauona umeshaingia kwenye wekundu. Mkutano huu ungekuwa umekwisha zamani, na aliyeurefusha ni yeye. Akanong'ona kwamba anakimbilia ule mwingine. Mama akamshika mkono wa gauni bila kufumbua macho.

"Ukitoka sasa hivi, wote watatoka. Kaa."

Akakaa. Nani angethubutu kumbishia.

Kura ikaanza kwa kunyoosha mikono, na mwanasheria akahesabu anavyojua yeye, akatangaza kwamba hoja imeanguka kwa kidogo. Wendell, kutoka juu ya pipa, akasema hata kondoo wake huwa anawahesabu vizuri zaidi akiwa amelewa. Ukumbi ukafoka. Basi ikabidi ifanyike njia ya zamani, ya wazi: wanaokubali waende nusu ya uwanja yenye goli la kusini, wanaokataa nusu ya kaskazini, mstari wa katikati ndio mpaka. Wasioweza kutembea wanyanyue mkono hapohapo walipo.

Hakukuwa na haja ya kuhesabu.

Upande wa kusini walibanana mpaka chini ya goli, watu wa matrela, watu wa nyumba za kupanga, vibibi wenye ndoo, wafanyakazi wa mabanda ya kuku na walimu wa shule. Weusi kwa Weupe, bega kwa bega, wanasukumana kama wanataka kupiga picha. Upande wa kaskazini alisimama Hoyt, bodi yake, shemeji, mchungaji, na mbao nyingi za sakafu tupu zinazong'aa. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Shemeji alikuwa bado anatafuna mfupa. Na karibu na stoo, mkono mmoja mwembamba ulikuwa juu, hautetemeki: Bi Clotee.

Hoja ikapita. Mwanasheria alilitamka neno hilo kama mtu anayetapishwa.

Ozella alilia kidogo, muda mfupi tu. Kisha akageuka aukimbilie mtungi. Lakini watu walimzingira, wanamkumbatia, wanamwita dada, wanamwita mama, walewale walionong'ona kwamba amenunuliwa, na kila alipopenya mmoja alikutana na mwingine mwenye vidole vya mafuta. Na Mzee Lucious alikuwa ameshasimama mbele ya pipa, anamwambia Wendell atoe makalio yake, watu wanataka gari.

Akazungusha. Akaingiza mkono. Akasogeza karatasi puani.

"Ozella Pruitt."

Watu wakacheka sana. Wendell akasema kumbe Mungu naye amepiga kura. Ozella mwenyewe alicheka, akapunga mkono kwamba hapana, alisharudisha, achomoe mwingine.

Mzee akachomoa mwingine.

"Ozella Pruitt."

Kicheko kikapungua.

Akachomoa wa tatu. Hakuisoma kwa haraka. Akaigeuza, akatazama nyuma yake, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, ambayo ni kubwa kuliko maiki: "Huyu Ozella wako wangapi?"

Hakuna aliyecheka.

Wendell akaliinamisha pipa, akafungua kimlango chake, akalimimina. Makaratasi yakamwagika juu ya mstari wa kurushia mipira ya adhabu, yakaendelea kumwagika, yakafunika viatu vyake. Mtu akaokota moja. Mwingine akaokota nyingine. Ukumbi mzima ukasikika unasoma kwa minong'ono, jina lilelile, mwandiko uleule. Jina la mtu mwingine hata mmoja halikuwemo.

Ozella akaelewa yote kwa mpigo, uzito wa pipa, bega, siku yako. Hoyt alitaka Ozella aonekane kanunuliwa, na alitaka kuwa na hakika kwamba jina lake ndilo litakalotoka. Akafungua mdomo aseme.

Lakini Hoyt alikuwa na maiki.

Tena amerudi kuwa mtulivu. Alikichukua kikombe chake mezani, akatema, akakirudisha, na tabasamu lile likafika tena mahali pake kama bawaba iliyotiwa mafuta. Nikiri, nikiandika hapa nanawa mikono.

Alisema yeye hapendi kumhukumu mtu. Alisema sasa anaelewa kwa nini dada yetu alilirudisha gari kwa moyo mweupe namna ile, maana alijua litarudi kwake. Alisema kura iliyopatikana kwa hila hata bodi ikitaka haiwezi kuiheshimu. Kisha akashusha sauti, kama anasali.

"Nauliza swali moja tu. Pipa hili lilikuwa stoo, mlango umefungwa. Kuna mtu yeyote humu ndani aliyemwona Ozella akitoka stoo kabla ya mkutano? Kama yupo, mbele ya Mungu, anyanyue mkono."

Ozella akawatazama mmoja mmoja, wale waliomkumbatia sasa hivi. Wameanza kusogea, kila mmoja nusu hatua, mpaka akawa amesimama peke yake katikati ya makaratasi.

Mkono ukanyanyuka.

Mwembamba. Polepole. Uleule uliopiga kura.

Mama yake hajawahi kusema uongo maishani mwake, hata kwa daktari, hata kwa mwenye nyumba. Kila mtu kaunti nzima anajua hivyo, na Hoyt anajua zaidi ya wote.

"Nilimwona," Bi Clotee akasema.

Watu wakaguna. Hoyt akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sijamaliza, Hoyt." Hakumwita Bwana. Akavuta pumzi, ikawa fupi, akavuta nyingine. "Mimi nilifika wa kwanza. Nimekaa hapa tangu mlango unafunguliwa. Ozella aliingia mikono mitupu, akatoka na paja la kuku. Lakini kabla yake kuna mwingine aliingia stoo. Huyo aliingia na mfuko wa makaratasi. Huyo ni..."

Midomo yake ikaendelea kusogea. Sauti haikutoka.

Watu waliinamisha shingo wasikie jina. Ozella peke yake ndiye aliyesikia kitu kingine. Alisikia ile ts, ts, ts ya chini ya kiti imekoma.

Mtungi mwingine uko kwenye gari la Wendell, mwisho wa uwanja.

"Asitoke mtu," Hoyt akasema kwenye maiki, kwa upole kabisa. "Anayetoka mlangoni sasa hivi, sote tutajua kwa nini anakimbia."

Midomo ya Bi Clotee ilikuwa inageuka rangi.

Ozella akazitupa funguo za pikapu sakafuni, akakimbia. Aliikanyaga balbu iliyopasuka mlangoni, akakimbia, na nyuma yake, kabla mlango haujajifunga, aliisikia sauti ile ya ugoro na mate ikiwaambia watu wote aliowapigania mchana kutwa:

"Mmeona wenyewe."